Nyumba ya Ibra Aliyoniandikia Babu Yako

Mjini Ibra yanasemwa mambo mawili juu yetu. Wengine wanasema ya kwamba watoto wangu walimtupa baba yao Nizwa kwa watu wasiowajua. Wengine wanasema ya kwamba walinigeuza kichwa mimi, mama yao, hata nikaiuza nyumba yangu nikawa mpangaji uzeeni. Yote mawili si kweli. Na kwa kuwa wasemao wanaongezeka na wajuao wanapungua, nimekuamuru wewe, mjukuu wangu, uiweke simu yako chini uandike kama ninavyosema, bila ya kunipunguzia maneno na bila ya kunipambia. Baba yako akisoma akaona pahala pamemuuma, na pamuume. Sisemi kwa kumkomoa mtu.

Nyumba ile aliijenga babu yako kwa mshahara wa gereji ya serikali, chumba baada ya chumba, kila mwaka akiongeza alichoweza. Alikuwa fundi wa magari, na baadaye akawa msimamizi wa mafundi. Ilipokwisha kupakwa rangi alinichukua mpaka kwa wanaoandikisha milki, akawaambia waiandike kwa jina langu. Karani akamtazama kwa mshangao.

"Yote?" akamuuliza.

"Yote. Na ukuta wa nje."

Karani akacheka, akaniuliza mimi nimempa mume wangu dawa gani. Babu yako hakucheka, kwani alikuwa na sababu yake. Baba yake alipofariki Unguja, naye babu yako akiwa bado mtoto mdogo, mashemegi walikuja wakamtoa mama yake katika nyumba kabla eda haijakwisha. Walimwambia ya kuwa fungu lake ni thumni, moja ya nane, na thumni ya nyumba ile ni mlango na kipande cha ukumbi. Akaondoka na mtoto wake mkononi, na hamali nyuma yao amejitwika godoro. Babu yako hakulisahau godoro lile maisha yake. Alikuwa akiniambia, "Nikitangulia mimi, asije mtu akakupimia ukumbi."

Basi tangu siku ile mimi nikawa mwenye nyumba na yeye akawa mgeni wangu, na alipenda kunitania kwa hilo. Akirudi kazini husimama mlangoni akapiga hodi kama mtu wa kuja.

"Mwenye nyumba, ruhusa?"

"Kodi hujalipa," humjibu, "lakini ingia ule."

Alipostaafu, kiinua mgongo chake alikinunulia shamba la mitende nyuma ya mji, na pamoja na shamba akanunua maji yake. Nalieleza hili kwa sababu wewe umekulia Maskati kwenye maji ya bomba. Ibra maji hutoka chini ya mlima kwa mfereji wa kale uitwao falaji, na kila mwenye haki hupewa maji hayo kwa zamu, muda wake maalumu, kisha hugeuzwa kwenda kwa mwenziwe. Zamu hiyo ni mali mbali na shamba ni mali mbali. Mtu aweza kuwa na ardhi asiwe na maji, na mwengine akawa na maji asiwe na hata mtende mmoja. Babu yako alijifunza mambo haya kwa wenyeji ambao hawakuwahi kutoka Ibra, akayajua kama alivyozijua injini. Mimi nilijua tende zinapoingia ndani. Namna zilivyonyweshwa ilikuwa kazi yake.

Maradhi yalimjia polepole, kama mtu anayehama nyumba kwa siri, leo akichukua kiti, kesho akichukua pazia. Alisahau majina, kisha akasahau njia ya msikitini. Nilimkuta siku moja ameweka funguo za gari ndani ya pipa la mchele, na nilipomuuliza akakasirika, akasema ya kuwa mafundi vijana wanaiba spana. Daktari alitwambia jina la maradhi na akatwambia pia ya kuwa hayana dawa. Babu yako mwenyewe, wakati akili yake ingali imekaa, alikwenda mahakamani akampa baba yako uwakala wa mali yake, ili asije akafanya jambo asilolijua. Yote hayo tuliyachukua. Msahaulifu hupikiwa, hukoshwa, huongozwa mkono, na mimi nilikuwa na nguvu.

Jambo lililotushinda halikuwa usahaulifu. Lililotushinda ni heshima yake.

Asubuhi moja nilimpelekea chai akainamisha macho chini, akajivuta mpaka ukutani. Akaniambia kwa upole, "Bibi, unisamehe. Nimeingia nyumba isiyo yangu. Mwenye nyumba yuko wapi?"

Nikadhani ananitania. Nikamwambia, "Mwenye nyumba ni mimi, na kodi hujalipa."

Hakucheka. Akainuka, akachukua bakora yake, akatoka nje. Akasimama uwani, akasema kwa sauti ili nimsikie, "Si vyema mimi kukaa ndani na mwanamke wa watu. Mwambie mumeo namngoja hapa."

Akamngojea mume wangu. Alikaa juani mpaka adhuhuri akimngoja mume wangu aje, apate kumtaka radhi.

Tangu hapo ikawa hivyo. Siku nyengine alinijua, na siku nyingi hakunijua. Asiponijua hakutukana wala hakupiga, kama wanavyofanya wagonjwa wengine wa namna yake. Alitoka tu. Nikifunga mlango, alikaa nyuma ya mlango ameupa uso ukuta, hali wala hanywi, kwa kuwa chakula kimepikwa na mwanamke asiye maharimu yake na mumewe hayupo. Tulileta mtumishi wa kike, akamkimbia vilevile. Tulileta mtumishi wa kiume, akakaa naye vizuri kidogo. Lakini mtu mmoja hawezi kukesha usiku na mchana, na siku aliposinzia, babu yako akatoka, akaokotwa kando ya barabara ya Sinaw amezimia kwa joto. Mtumishi akaogopa, akaomba kuondoka, nasi tukamruhusu.

Ndipo baba yako akapata habari ya nyumba ya uuguzi iliyoko Firq, nje kidogo ya Nizwa. Nilikwenda mwenyewe kuiona, kwani sikukubali kumpeleka mtu mahali nisipopakanyaga. Wauguzi wa upande wa wanaume ni wanaume tu. Vitanda visafi, uwa una kivuli. Na nyuma ya ukuta kuna magereji, maana Firq ni mtaa wa mafundi. Mchana kutwa utasikia nyundo kwenye bati na injini zikijaribiwa. Nilidhani kelele ile itakuwa aibu ya mahali pale. Tulipomleta, babu yako alisimama uwani, akatega sikio, na mabega yake yakashuka. Akamwambia muuguzi, "Hiyo dizeli inakohoa. Nani anaishughulikia?"

Akapewa kiti akakaa. Akala chakula chake chote. Mimi nilikuwa mlangoni, pahala asiponiona, nikatazama jinsi alivyokula.

Nikapata la kushukuru na la kulia kwa mara moja. Pale alikuwa amestarehe kwa sababu mimi sipo.

Sasa nije kwenye mali, kwani ndiyo inayosemwa. Pensheni ya babu yako ilitutosha sisi wawili Ibra na kubaki cha kumpa mwenye shida. Kwa Firq haikutosha hata nusu. Baba yako akaongezea kwa mshahara wake, naye alikuwa na mkopo wa nyumba Maskati, na wewe ulikuwa unasoma. Shangazi yako, aliyeolewa Sur, akatoa dhahabu yake bila ya kuombwa. Ilipokuwa haitoshi tena, wote wawili wakaja Ibra, tukakaa kwenye majlisi, chumba cha wageni. Baba yako ndiye aliyeanza.

"Mama, tuuze maji."

"Maji gani?" nikamuuliza.

"Zamu zetu za falaji. Zina bei nzuri sasa. Shamba tulibakishe. Baba akipata nafuu tukamleta, alikute shamba lake. Na watu wakipita wataona mitende imesimama, hakuna atakayejua kwamba tumeuza kitu."

Shangazi yako akamtazama. "Na mitende itakunywa nini, kaka? Chai?"

"Tutakodi maji. Kila wiki yanapigwa mnada pale, mwenye kutaka hukodi zamu."

"Kila wiki, na kila wiki una pesa?"

"Wewe una rai gani nyengine? Sema."

"Sina. Nasema tu kwamba umezaliwa Ibra, lakini kichwa chako kimezaliwa Unguja."

Akacheka, na baba yako akacheka, nami sikucheka, kwani nilijua amesema kweli. Sisi tuliotoka kule, na watoto tuliowazaa, tunaposema shamba tunaona miti. Karafuu na minazi hainyweshwi na mtu. Mvua ya Unguja humnyeshea mwenye shamba na jirani yake na njia iliyo baina yao, na hakuna aliyewahi kuniambia utotoni mwangu kwamba wingu lile ni la fulani. Tulikuja kwenye nchi ambayo mali ni maji na mti ni matokeo yake, tukakaa humo umri mzima, tukala tende zake, na bado katika mioyo yetu maji yalikuwa kitu cha Mungu kinachokuja chenyewe. Babu yako peke yake ndiye aliyejua, na babu yako alikuwa Firq akisikiliza dizeli.

Baba yako ndiye mwenye uwakala, akauza. Hakuuza kwa tamaa. Kila alichopokea kilikwenda kwa baba yake, na hilo nalishuhudia.

Mwanzo mambo yalikwenda. Msimamizi wa falaji alitukodishia maji, na mtu wa kunywesha alikuwa yule yule wa zamani. Kisha ukaja mwaka mkavu, mfereji ukapungua, na waliokuwa na maji hawakutaka kukodisha. Waliokubali walitaka bei ambayo nusu yake ingemweka babu yako Firq. Baba yako akaleta maji kwa lori. Ilikuwa kama kumpa mtu mwenye homa kijiko kimoja cha maji. Makuti ya chini yakakauka, kisha ya kati. Tende zikatoka ndogo, zikaanguka kabla ya kuiva. Mimi nikienda asubuhi kuitazama mitende ile nasikia makuti yakigongana kwa upepo, mlio wa karatasi, na hapo ndipo nilipojua ya kuwa tumekwisha.

Tulipoliuza shamba, waliokuja kununua walitazama juu, wakatikisa vichwa, wakarudi garini. Aliyelichukua mwisho alilichukua kama mtu anayetufanyia hisani, na akatwambia kweli usoni: "Mngeliuza pamoja na maji yake, mngekula kwa miaka. Mmeiuza roho mkabaki na maiti." Baba yako alitazama viatu vyake. Sikumlaumu siku ile na sitamlaumu leo. Lakini nataka liandikwe, ili wewe ukija kuwa na kitu usifanye hivyo.

Fedha ya shamba ilipokaribia kwisha, shangazi yako alisema, "Mleteni kwangu Sur. Baba yangu hawezi kukosa pa kulala nami nina nyumba." Mumewe ni mtu wa ukoo wa mabaharia wa pale, ana biashara ya samaki, na ni mwema, naye alisema hivyo hivyo. Tukamtoa babu yako Firq, tukampeleka.

Shangazi yako alitoka mbio kumpokea, kichwa wazi, kama binti anavyotoka kwa baba yake. Babu yako akageuza uso akaupa ukuta.

"Binti, jistiri. Kuna mwanamume."

"Baba, ni mimi!"

"Jistiri, mwanangu, Mungu akustiri. Baba yako yuko wapi, nimwamkie?"

Sijawahi kumuona shangazi yako akilia namna ile, hata alipofiwa na mtoto. Alivaa buibui lake ndani ya nyumba yake mwenyewe, akampikia baba yake na kumpa mumewe ampelekee. Lakini mkwe hawezi kukaa nyumbani siku zote, ana samaki wa kuwahi. Mchana mmoja babu yako akatoka. Walimkuta kwenye barabara ya Ras al Hadd, viatu hana, nyayo zimeungua kwa lami. Alikuwa akimuuliza kila dereva iwapo anakwenda Firq.

Hakusema Ibra. Alisema Firq.

Tukamrudisha Firq, na cha kuuza ikabaki nyumba yangu peke yake.

Watoto wangu hawakunitajia kuiuza. Mimi ndiye niliyewaita. Kabla ya kuwaita nilimtuma baba yako kwa mtu wa ilimu tunayemwamini, akamuulize kwa ulimi wangu: je, mke ana wajibu wa kumuuguza mumewe kwa mali yake? Jibu likaja kama nilivyolitaraji. Mali ya mke ni ya mke. Mume asiyejiweza hutazamwa kwa mali yake mwenyewe, kisha na wanawe. Hakuna awezaye kunitoa katika nyumba ile wala kunilazimisha. Nilitaka kulijua hilo waziwazi, ili nitakachokitoa niwe nimekitoa mimi, nisiwe nimetolewa.

Baba yako aliposikia nia yangu akapandisha sauti, jambo ambalo hafanyi mbele yangu.

"Haiwezekani, Mama. Watu watasema nimemla baba shamba, sasa nimemla mama nyumba."

"Watasema hivyo."

"Na wewe utakaa wapi?"

"Duniani."

"Njoo kwangu Maskati, basi."

"Ghorofa ya nne, na mkeo kazini, na mimi nikitazama ukuta? Na Firq nitakwenda kwa nini, kwa mbawa? Nitapanga Nizwa."

"Nitakopa tena, Mama."

"Umekopa mpaka umekonda. Kaa chini."

Akakaa. Ni mtu mzima mwenye mvi, akakaa chini kama alipokuwa na umri wako.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa akitafuta nyumba ya mwanawe anayeoa. Mkewe ni rafiki yangu tangu tulipohamia, mwenyeji wa Ibra, hajui neno la Kiswahili ila lile la kukaribisha. Alinijia na kahawa akanisema kwa Kiarabu mpaka kahawa ikapoa.

"Nyinyi Wazanzibari mna akili ya ajabu. Maji mmeuza, mitende mmeikausha, sasa nyumba. Bado jina lenu, au nalo lina mnunuzi?"

"Jina lina madeni, halinunuliwi."

"Mrudishe mtu wako nyumbani. Mume ni mume, akikujua asikujue."

"Yeye ndiye hataki kukaa nami."

"Kwa nini hataki? Umemfanyia nini?"

"Sikumfanyia kitu. Anasema mimi ni mke wa mtu."

Kikombe kikabaki mkononi. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akasema, "Wangu mimi ananijua vizuri, na hajanistahi hata siku moja namna hiyo." Tukacheka sote wawili, kicheko kibaya. Jioni mumewe akaja na bei, na bei ilikuwa ya haki.

Lakini sikumpa neno. Nyumba ile nilipewa. Mtu aliyepewa kitu na mumewe, na mumewe yu hai, hakiuzi bila ya kumuuliza. Sijali akili yake iko wapi; ruhusa ni ruhusa. Nikamwambia baba yako anipeleke Firq.

Tulifika baada ya sala ya alasiri. Babu yako alikuwa kivulini uwani, kanzu safi, ndevu zimechanwa. Nyuma ya ukuta mtu alikuwa akinyoosha bodi ya gari kwa nyundo. Aliponiona nakuja na bakora yangu, akainuka kwa adabu.

"Shikamoo, bibi."

Mke hamwitikii mumewe marahaba. Niliitikia, kwa kuwa asiyeitikiwa hudhani amekosa.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillahi. Umeleta gari?"

"Sikuleta gari. Nimekuja na shauri, nataka unisikilize."

Akanionesha kiti, akakivuta mbali kidogo na chake, kama inavyopasa. Baba yako akasimama pembeni. Nikamwambia, "Nina nyumba Ibra. Aliijenga mume wangu akaniandikia mimi. Sasa yeye ni mgonjwa, na pahala anapouguzwa panataka kulipwa, na vyengine vyote tumekwisha kuviuza. Nataka kuiuza nyumba. Nimekuja kutaka ruhusa yako."

"Yangu mimi?"

"Yako."

Hakuuliza kwa nini. Labda aliona ya kuwa mwanamke mzee akitaka rai hutafuta mtu mzima wa kumuuliza. Akafikiri, kidole kwenye kidevu, vile vile alivyokuwa akifikiri zamani mbele ya injini iliyofunguliwa.

"Mumeo hana watoto?"

"Anao. Wametoa walichonacho."

"Ana fahamu zake?"

"Huja zikaondoka."

"Anakujua?"

"Hanijui."

Akashusha pumzi, akatazama chini. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa ile yenyewe, nzito, bila ya mtetemeko wowote, "Usiuze, bibi."

Nikaiegemea bakora yangu.

"Usiuze. Mgonjwa wa namna hiyo hapandi, anashuka. Leo yupo, kesho hayupo, na wewe utabaki. Mwanamke mzee asiye na nyumba watu hupokezana kama mzigo, huyu kachoka kampa yule. Mimi nimeyaona hayo kwa macho yangu." Akasita, akalitafuta aliloliona, halikuja, akaliacha. "Aliyekuandikia nyumba alikusudia uwe nayo. Ukiiuza kwa ajili yake umeivunja kazi yake yote. Mwambie nimesema mimi."

"Nitamwambia."

"Akikasirika?"

"Hana kawaida ya kukasirika."

"Basi ni mtu mzuri. Lakini akikasirika mlete hapa, nitazungumza naye mimi."

Baba yako akaondoka pale pembeni, akaenda kusimama karibu na gari, mgongo ametugeuzia. Mimi nikaaga, nikainuka. Babu yako naye akainuka, akaniombea dua ya safari.

Katika ndoa yetu nilibishana na babu yako juu ya chumvi, juu ya majina ya watoto, juu ya jamaa zake na jamaa zangu. Katika jambo kubwa sikuwahi kumkhalifu. Siku ile nilikwenda kuitaka ruhusa yake kwa nia safi, na tangu augue sijamsikia akisema kwa akili iliyotimia kama alivyosema pale. Nililokwenda kuliuliza nilijibiwa. Alisema hapana.

Nikaiuza. Niliweka kidole changu kwenye hati mbele ya karani mwengine, kijana, ambaye hakuniuliza chochote. Hiyo ndiyo nyumba wanayosema nilidanganywa. Sikudanganywa na mtu. Nilikatazwa na mwenye haki ya kunikataza, nikaasi, kwa sababu yeye alikuwa akimtazama mwanamke mmoja wa kando na kumuonea huruma, na mimi nilikuwa nikimtazama yeye.

Sasa nimepanga vyumba viwili hapa Nizwa. Siku ninazoweza hupelekwa Firq, nikakaa kwenye kile kiti cha mbali. Huniamkia, huniuliza habari za mume wangu, nami humwambia kwamba anaendelea vizuri, anakula, analala. Hufurahi kusikia hivyo. Mara moja aliniuliza kama nimeiuza ile nyumba. Sikumwambia uongo. Akatikisa kichwa, akasema, "Wanawake hamsikii," na akanimiminia kahawa yangu mwenyewe niliyomletea.

Fedha ya nyumba iko kwa baba yako, naye kila mwezi hulipa Firq kwanza, kisha kodi yangu. Inapungua. Babu yako mwenyewe, alhamdulillahi, ana afya ya mwili. Moyo wake, anasema daktari, ni wa kijana. Na mimi baada ya kila sala nakaa juu ya mswala nikitaka kumuombea. Nikimuombea umri mrefu, najua ni nini kitakachokwisha kabla yake. Nikiomba fedha itoshe mpaka mwisho wake, najua ninaomba nini. Basi huinua mikono tu, nikamtaja jina lake, nikanyamaza hapo, nikaiteremsha.